Steringi hafi

Nyumbani kwetu DJ ni mimi. Sio wa muziki, wa muvi, yani yule mtu anayeongea juu ya picha, anatafsiri, anaongeza chumvi, anacheka mwenyewe kabla watazamaji hawajacheka. Kazi hii sikuiomba. Nilipewa na mwanangu Baraka, miaka mitano na nusu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye rangi na namba, na akiwekewa katuni ya Kiingereza anavumilia dakika mbili halafu anageuza shingo: "Baba, kasemaje?" Ukimjibu mara moja tu umekwisha, hutakaa kimya tena mpaka majina yapite mwishoni.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hii kitu tunaijua vizuri. Benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kuoka mkate, TV ya chogo, na sauti ya Lufufu, yule DJ wa muvi mkongwe, au mmoja wa wale waliomuiga. Wachina wanapigana pale kwa Kichina chao, sisi tunasikia Kiswahili cha Temeke, na mpaka leo nikimwona Jackie Chan akiongea Kiingereza naona kama anaigiza. Humo ndo tulijifunza sheria kuu ya muvi zote duniani, kwamba steringi, yani yule shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni na jiwe shingoni, ila hafi, maana akifa nani atamalizia muvi? Anayekufa ni adui, tena mwishoni kabisa, baada ya kuomba msamaha wa uongo. Hii sheria nikamrithisha Baraka bila kufikiria itanirudia vipi.

Sasa Pasaka iliyopita hatukwenda popote. Neema, dada yake Baraka, ana miaka kumi na ana selimundu, na wiki ile ile alikuwa ametoka kulazwa, mifupa ilimkaza siku nne mfululizo, wanaoijua hiyo hali wanajua, wasioijua siwezi kuwaeleza. Ibada ya Ijumaa Kuu ni ndefu na kanisa linajaa mpaka nje, kwa hiyo Mama Neema akaamua mtoto abaki nyumbani kwenye kochi na shuka lake na chupa yake kubwa ya maji, na mimi nikapewa jukumu la kuhakikisha hii Pasaka inakuwa Pasaka. Nikaenda kwa jamaa wa muvi pale stendi na flashi yangu nikamwambia nataka katuni za Yesu, za familia. Akanitazama kama nimeagiza kitimoto msikitini. Halafu akaanza kufungua mafolda.

Ya kwanza tuliyoangalia ni hiyo mpya, The King of Kings, iliyotoka 2025. Wengi wanadhani ni ya Wamarekani kwa sababu sauti nyingi ni za mastaa wa huko na Uingereza, ila walioichora ni Wakorea Kusini, studio inaitwa Mofac, na mwongozaji wake Seong-ho Jang kwa fani yake ni mtu wa zile picha za kompyuta zinazowekwa kwenye muvi za watu wengine, ameihangaikia karibu miaka 10. Ilifunguliwa Marekani tarehe 11 Aprili, wikiendi ya Jumapili ya Matawi, na siku tatu za kwanza ikaingiza kama dola milioni 19, mbele ya ile ya Musa ya mwaka 1998, The Prince of Egypt, ambayo ndo ilikuwa inashikilia rekodi ya ufunguzi kwa katuni za Biblia. Mwisho wa safari ikavuka milioni 60 kwa Marekani na Kanada peke yake. Nayataja haya mahesabu kwa sababu yanaonyesha kuna wazazi wengi sana duniani wako kama mimi, wamekaa na watoto wanatafuta kitu cha kuangalia ambacho hakitawaaibisha mbele ya bibi.

Stori yenyewe haianzi na Yesu. Inaanza na Charles Dickens, yule mwandishi wa Uingereza, anajaribu kusoma hadithi yake mbele ya watu ukumbini na mwanawe Walter anamharibia kwa sababu amekolea na habari za Mfalme Arthur, anacheza na upanga na paka wake. Basi nyumbani usiku baba anamwambia mtoto, ngoja nikusimulie habari za mfalme wa wafalme, na mtoto anaingia ndani ya hadithi, yeye na paka, wanatembea Bethlehemu na Galilaya pembeni ya Yesu. Msingi wake ni wa kweli kwa kiasi chake. Dickens aliandika kijitabu cha maisha ya Yesu kwa ajili ya wanawe tu, kati ya 1846 na 1849, akakataa kisichapishwe, kikakaa ndani ya familia mpaka 1934, baada ya kufariki mtoto wake wa mwisho aliyekuwa bado hai.

Mimi hapo kama DJ nikapata shida ambayo Lufufu hakuwahi kuipata. Natafsiri baba wa kizungu anayemsimulia mtoto wake, na wangu ananisikiliza mimi nikimsimulia baba anavyosimulia, na kila baada ya muda anauliza, "Huyu mzee mwenye ndevu ndo Mungu?" Hapana, ni Dickens. "Dikeni ni nani?" Ni mwandishi. "Na yeye yuko kwenye Biblia?" Nikaona bora nimfute mzee wa watu kabisa, nikatafsiri kana kwamba yule mtoto na paka wamejikuta tu Galilaya, wamepotea njia. Ikaenda vizuri. Paka aliokoa jahazi.

Shida nyingine ya kumtafsiri Yesu ni kwamba kila mtu anajua anaongeaje. Steringi wa karate unaweza kumpa maneno yoyote. Yesu kwetu sisi anaongea Biblia ya Union, "Amin, amin, nawaambia," na ukimtoa humo anakuwa mtu mwingine. Ila ukimwacha humo nako watoto wanabaki nje. Pale Petro anapozama ziwani mimi kwa madoido yote nikatamka, "Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Baraka akauliza Imani Haba ndo nani, maana darasani kwao kuna Imani na baba yake ni fundi pikipiki, haitwi Haba. Nikajaribu upande wa pili, "Petro, uliogopa nini na mimi niko hapa?" na kutoka kwenye kiti cha kona ikasikika sauti ya kusafisha koo.

Hapo bado sijamtaja mama mkwe.

Mama alikuwa ameshuka kutoka Upareni kuja kumwona mjukuu. Mlutheri wa zamani, nyimbo zote za kitabuni kichwani, na msimamo wake juu ya katuni ni kwamba ni vitu vya kufanya watoto wawe wajinga. Aliangalia kama robo saa hivi, mikono imefungwa kifuani, kisha akasema kwa upole kabisa: "Baba Neema, huyu siye Yesu."

Nikamuuliza kwa nini, Mama.

"Yesu mimi namjua. Nimemwona."

Alimwona kijijini, miaka ya themanini na kitu. Gari lilipanda mlima na jenereta, shuka likafungwa kwenye ukuta wa shule ya msingi, vijiji vitatu vikakusanyika na mablanketi, wagonjwa wamebebwa. Ni ile filamu ya 1979 inayofuata Injili ya Luka, ambayo leo imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000 na imepita karibu kila kijiji cha nchi hii, nadhani hata wewe unayesoma umewahi kuiona ukutani mahali. Yesu wa humo ni mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon, lakini siku ile ukutani aliongea Kiswahili, na kwa Mama hiyo ilimaliza mjadala. Anasema wakati wa kuchapwa viboko mzee mmoja alisimama akawafokea askari wa Kirumi waache, akashikwa na wanawe akakalishwa. Anasema mbwa walinyamaza. Anasema aliporudi nyumbani usiku ule hakulala, na tangu hapo akifumba macho kusali sura inayokuja ni ile, na mimi ni nani wa kumwambia kwamba ile sura ilikuwa na ajenti na mkataba London.

Ndo nikaelewa kwamba kuchagua katuni ya Yesu sio sawa na kuchagua katuni ya samaki. Sura ya kwanza inaganda. Watoto wangu wakifumba macho kusali wataona nini, macho makubwa ya kompyuta ya mwaka jana? Baraka mwenyewe aliuliza kama Yesu ni mzungu, nikamwambia ni Myahudi wa Galilaya, akasema sasa mbona anaongea Kiingereza, nikamwambia anayeongea hapo ni jamaa anaitwa Oscar Isaac kazaliwa Guatemala, na nikajuta hapo hapo maana ikabidi tutafute Guatemala kwenye simu, bando likaenda.

Kulikuwa na Zuwena pia, wa nyumba ya pili, rafiki yake Neema, ambaye huingia kwetu bila hodi. Nilimtumia mama yake meseji kwanza. Akajibu kwa adabu zake, shemeji asante ila sisi mitume hatuwachori, mkimaliza hiyo nimlete. Zuwena akaletwa saa kumi na moja, wakaangalia katuni ya simba. Sijaona tatizo.

Turudi Ijumaa Kuu. Muvi inakwenda, wamefika Yerusalemu, na Baraka hana wasiwasi kabisa, anakula karanga. Yesu anakamatwa, karanga. Anapelekwa kwa Pilato, karanga. Waliochora wamepunguza makali sana, kumbuka ni ya watoto, damu huioni kwa karibu, lakini msalaba upo na misumari unaisikia. Mama Neema amerudi kutoka kanisani amesimama mlangoni na kitenge chake, ananikonyeza nipeleke mbele. Mimi nina rimoti mkononi. Na Baraka, bila kutoa macho kwenye TV, anamtuliza dada yake kwa sauti ya mtu mzima:

"Usiogope. Steringi hafi."

Hakuna aliyecheka. Picha ikaendelea, giza likaingia, kichwa kikainama. Baraka akasubiri. Unajua mtoto anavyosubiri, mdomo wazi, anangoja steringi afungue jicho moja. Hakufungua. Wakamshusha, wakamfunga sanda, jiwe likaviringishwa, na mwanangu akanigeukia na uso ambao sijawahi kuuona, sio wa huzuni, ni wa mtu aliyetapeliwa. "Baba, umesema hafi." Nikamwambia angalia tu, bado. "Amekufa!" Bado, angalia. Mama Neema akasema si nilikwambia upeleke mbele. Na Mama kutoka kwenye kona, ambaye muda wote alikuwa amesema huyu siye Yesu, akasema, "Mwacheni alie. Sisi tulilia."

Kuhusu hili nimeona wazazi wengi wakibishana na mimi naomba niseme upande wangu. Kuna katuni nyingi tu zinakimbia hapo mahali. Ile The Star ya 2017, ya punda Bo, nzuri, inachekesha, tuliitumia Krismasi, ila inaishia zizini Bethlehemu kwa hiyo haijawahi kuingia kwenye mtihani. Kuna zingine zinakata kutoka Gethsemane mpaka jua linachomoza, mtoto anaona tu mtu ametoka kwenye pango anatabasamu na hajui furaha ya nini. Na kuna upande wa pili kabisa, ile fupi My Last Day ya 2011, dakika kama tisa, imechorwa Japani kwa ule mtindo wao, inaangalia yote kwa macho ya mhalifu aliyesulubiwa pembeni. Ni kali. Niliiangalia peke yangu usiku, nikaifuta kwenye flashi wasije wakaifungua wenyewe, wakifika sekondari nitawatafutia tena. Lakini kupeleka mbele na rimoti siwezi. Ukimruka aliyekufa huwezi kumwonyesha aliyefufuka, hapo utakuwa unaonyesha mtu aliyeamka usingizini.

Jumatatu ya Pasaka ndo ilikuwa zamu ya ile niliyokuwa nimeiogopa kwa sababu ni ya zamani. The Miracle Maker, ya mwaka 2000. Jamaa wa muvi aliniwekea kama nyongeza, bure, akasema hii hata sijui kama inacheza. Picha inafunguka, Baraka anasema, "Baba, hawa ni midoli."

Ni midoli kweli. Waliitengeneza Warusi wa Moscow kwa kushirikiana na Wales, waongozaji wawili, Stanislav Sokolov upande wa midoli na Derek Hayes upande wa michoro ya mkono. Mdoli unasogezwa kidogo, unapigwa picha, unasogezwa tena, na sekunde moja ya filamu inabeba picha 24, sasa piga hesabu ya dakika 90 utaona ni zaidi ya laki moja na ishirini, ukijumlisha na zile sehemu za kuchora. Nimewahi kuona fundi saa Kariakoo anavyoshika kibanio, nadhani ni roho ya namna hiyo. Na zile sehemu za kuchora hazikuwekwa ovyo: yale yanayoonekana kwa macho ya kawaida ni midoli, na yale ya ndani ya kichwa, mifano, kumbukumbu, jangwani na shetani, yanageuka michoro ya rangi inayotetema. Baraka alishika huo mchezo haraka kuliko mimi. Michoro ikianza anasema, "Sasa anawaza."

Halafu huyu Yesu wao. Sura ndefu, pua, ngozi ya mtu wa jua, sauti ya Ralph Fiennes haina haraka. Mwanzoni kabisa tunamkuta mjengoni Seforisi, anafanya kazi na vumbi. Mimi kwa mazoea nikasema "seremala", maana ndo tulivyokariri, "huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu," lakini pale kwenye picha mbao sizioni, mawe ndo nayaona, nikajirekebisha: fundi. Na neno la Kigiriki pale kwenye Marko kumbe ni pana hivyo hivyo, ni mtu wa kazi za mikono, mbao au jengo, Kiswahili kilikuwa nalo tayari mfukoni. Fundi Yesu. Nikageuka kumwangalia Mama nikitegemea koo lisafishwe. Alikuwa amesogeza kiti.

"Huyu mikono yake imefanya kazi," akasema. Sio kwamba alimkubali, aliweka akiba.

Nilichokuwa sijui, na ningejua labda ningechagua nyingine, ni kwamba hadithi yote inaangaliwa kwa macho ya mtoto mgonjwa. Binti wa Yairo. Kwenye Injili hana jina, humu wamempa Tamari, na dakika za mwanzo kabisa baba yake amempeleka kwa mganga na mganga hana jibu. Unamwona baba akipokea hilo jibu. Ni mdoli, macho yake ni vitu vya kuchonga tu, lakini nilipowatafsiria daktari anavyosema hakuna dawa sauti ilinigoma kidogo nikajifanya nimekohoa. Neema alikuwa amelala kichwa kwenye paja la bibi yake. Akajiinua akakaa.

Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza "kasemaje". Neema Kiingereza anakijua cha kutosha, hakunihitaji, lakini kila nikinyamaza ananiambia endelea baba. Tamari anamfuata Yesu kwa mbali, anamchungulia katikati ya watu, anadhoofika. Tukafika mahali amelala kitandani na waombolezaji wameanza. Nikaacha Kiingereza chao kiende zake nikachukua Marko kama ninavyomjua tangu shule ya Jumapili, usiogope, amini tu, kijana hakufa, bali amelala tu, wakamcheka sana. Akawatoa wote nje. Akamshika mkono.

"Talitha, kumi," nikasema.

Na Baraka, aliyekuwa amelala chali sakafuni miguu kwenye kochi, akasema, "Kumi kama dada."

Mimi hilo neno nimelisoma miaka thelathini, nimelisikia mimbarini, na sijawahi hata siku moja kulisikia kwa masikio ya mtoto wa Kiswahili. Kiaramu kile, maana yake inuka, iko pale pale kwenye mstari, "Msichana, nakuambia, Inuka." Tena binti mwenyewe alikuwa na kumi na miwili. Nilikuwa na maelezo yote hayo mdomoni. Sikuyatoa. Tamari akainuka, mama yake akamkumbatia, muziki ukapanda, na DJ akabaki kimya.

Neema akauliza, "Haikumrudia tena?"

Haimhusu Tamari hiyo, wote tulijua. Nikabonyeza pozi. Sura ya yule mdoli ikabaki pale kwenye TV imetabasamu, feni inazunguka. Mama Neema alikuwa jikoni, nilisikia sufuria ikinyamaza. Nilikuwa natafuta sentensi, naanza moja moyoni naifuta, naanza nyingine.

Mama ndiye aliyeongea. "Hawajasema. Lakini unajua alisema nini baada ya pale? Wote wanashangaa, wanapiga kelele, yeye akasema huyu mtoto apewe chakula." Akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Na wewe hujala kitu tangu saa sita. Uji wa ulezi, na unakunywa wote."

"Na mimi," Baraka akasema.

"Wewe umekula karanga za watu wawili."

Tulikunywa wote, hata mimi ambaye ulezi siupendi. Muvi tukaimalizia Jumanne jioni, na ilipofika kwenye msalaba Baraka ndiye aliyemtafsiria Zuwena aliyekuwa anapita kwenda kuchota maji akasimama dirishani kidogo. Alimwambia, "Anakufa huyu. Subiri."